Mama Milimita na Hatua ya Tano

Mama yetu mpendwa, ambaye mafundi wote wa mtaa walimwita Mama Milimita, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Kwa baba yake alirithi mtindo wa kuchomeka penseli sikioni. Kwa mama yake alirithi kutovumilia neno "karibu sawa".

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hesabu aliziweza, lakini insha zake zilirudi na wino mwekundu: "Fupi mno." Siku moja alisimama akamwambia mwalimu, "Lakini, mwalimu, ya kusema yameisha." Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu naye akashindwa kujizuia. Mwaka 1980 alihitimu ushonaji katika chuo cha ufundi. Alifanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha mashati, kisha akafungua chumba chake mwenyewe, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na dirisha lililotazama duka la baiskeli.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi redio wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti na mwana. Mumewe alipenda kuwaambia wageni, "Kwa huyu mke wangu usikohoe ovyo. Atakuuliza umekohoa mara ngapi, na ulikuwa umekaa au umesimama."

Mwaka 2015 binti yake alimwekea kwenye kompyuta programu ya bure ya kuchora vipande vya nguo. Unaingiza vipimo vya mteja, unachapa karatasi, unakata. Programu hiyo hutunzwa na watu wanaojitolea, kila mmoja akiwa na kibarua chake kwingine. Gauni la kwanza lilimbana mteja. Mama alipima karatasi, akaona imepungua, akawaandikia kwa hasira: "Programu yenu mbovu. Mmeniharibia kitambaa."

Aliyemjibu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeitunza programu hiyo baada ya kusahihisha madaftari. "Shikamoo, mama. Pole sana kwa kitambaa. Nisaidie: ulifanya nini, ulitegemea nini, ukapata nini? Na ule mraba wa majaribio unaochapwa pembeni mwa karatasi, wa sentimita kumi, ukiupima kwa rula ya chuma, unapata ngapi?"

Alipata sentimita kumi kamili. Futi yake ya utepe, iliyokaa shingoni mwake miaka kumi na minane, ndiyo iliyokuwa imevutika, ikawa inasoma pungufu. Akaandika: "Kosa ni la futi yangu. Nisamehe, mwanangu." Aliitundika futi ile ukutani, na tangu hapo kila Jumatatu mafundi wake walilinganisha futi zao na rula ya chuma kabla ya kugusa mkasi.

Yale maswali matatu hakuyaacha tena. Kwa miaka tisa alituma ripoti arobaini na tatu za hitilafu, kila moja fupi, kila moja ikiwa na picha na vipimo. Mafundi wa ushirika wake wa ushonaji walipolalamika kwamba "imegoma tu", aliwajibu, "Punda ndiye hugoma. Hebu niambie ulibonyeza nini."

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Daktari alipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Jana saa nne asubuhi nilikunywa chai kikombe kimoja. Nilitegemea itulie tumboni. Baada ya dakika ishirini maumivu yalianza hapa, chini ya mbavu za kulia, yakadumu saa moja." Daktari aliacha kuandika akasema, "Mama, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa mia."

Januari mwaka huu, mikono ya kulia ya baadhi ya magauni ilianza kutoka myembamba kuliko ya kushoto kwa sentimita tatu. Mafundi kumi na mmoja, ambao yeye mwenyewe aliwashawishi waache kukata kwa kukisia, walitaka kuitupa programu. Mwalimu wa hesabu alijaribu mara nyingi, na kwake mikono ilitoka sawa. Bila kuiona hitilafu hangeweza kuitengeneza. Mama aliapa hataondoka na jambo hilo mkononi.

"Mama, pumzika," binti yake alimsihi wodini. "Hiyo programu si yako."

"Si yangu. Vitambaa je, si vya watu? Niletee daftari la oda."

Alilisoma siku tatu, kidole kikipita mstari kwa mstari, hadi akaona kwamba nguo zote zilizoharibika ni za wateja waliopimwa mara mbili. Fundi alinakili mkono wa kushoto uwe wa kulia, kisha akarudi kubadilisha kipimo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika ripoti yake aliondoa gauni lote, akabakiza mkono mmoja na hatua sita za kuifanya hitilafu itokee. Aliituma ripoti Jumatano, tarehe 15 Mei 2024.

Jibu lilifika Ijumaa: "Nimeiona! Ni hatua ya tano. Miezi minne nimeitafuta. Ripoti fupi, na imetosha."

"Ameiona?" aliuliza.

"Ameiona, mama."

"Basi asiifunge ripoti mpaka tukate nguo tuone."

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Mei, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Marekebisho yalifika Jumanne. Jana mafundi wake walikata gauni alilovaa leo tunapomzika. Walianza na vipimo vyake vya zamani, vilivyo katika daftari lake, wakanakili mkono. Kisha, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umempunguza, ilibidi warudi wabadilishe kipimo. Ndiyo hatua ya tano. Binti yake aliipima mikono yote miwili kwa rula ya chuma, akamwandikia mwalimu walichofanya, walichotegemea na walichopata.

Mama ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wanne, dada mmoja, mafundi kumi na mmoja, na mwalimu wa hesabu ambaye hakuwahi kumwona uso.

Mama, mikono imelingana. Ripoti imefungwa. Sasa pumzika.