Kengele ya Mwalimu Nicodemus na Trekta la Muhoroni

Bwana asifiwe, na tena Bwana asifiwe. Padri wetu, wazee wa kanisa, walimu wa Oseno wa zamani na wa sasa, Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, majirani na waombolezaji wote, tunayemzika leo ni Mwalimu Nicodemus Ouma, na anayewasomea ni Laban Wechuli wa Nyamasaria, kaka wa mjane, mtu ambaye tangu mwaka wa 1988 hajawahi kumaliza hotuba hata moja mbele ya marehemu, na ambaye leo amepewa dakika saba na marehemu mwenyewe.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Oseno, karibu na ufuo wa Kusa, kifungua mimba wa Mzee Ouma, fundi wa mashua, na Mama Debra Ajwang, mkulima wa mtama, na Mama Debra alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyo alitoka tumboni kengele ya misheni ikilia, akalia pamoja nayo, na ilipokoma naye akakoma.

Aliingia Shule ya Msingi ya Oseno Januari 1965, na alikuwa darasa la saba baba yake alipofariki, Julai 1971, jambo ambalo Laban ataomba kulirudia akijaliwa muda. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, akapata cheti cha ualimu cha P1 mwaka wa 1978, na Januari 1979 akarudi Oseno kufundisha darasa la nne, akakaa hapo hapo hadi alipostaafu Machi 2018, kwa maana mara mbili alipewa barua ya kwenda kuwa mwalimu mkuu kwingine, na mara mbili akakataa akiuliza, "Na hapa kengele atapiga nani?"

Swali hilo halikuwa mzaha. Kengele ya Mwalimu ilisikika mpaka ufuoni, wavuvi wakaifuata kurudi na wake zao wakaifuata kusonga ugali, na siku alipougua malaria mwaka wa 1994 kijiji kizima kilikula chakula cha mchana saa kumi jioni. Alipostaafu, shule ilimzawadia kengele hiyo hiyo ya shaba, ingawa mwalimu mkuu, aliyeketi pale mbele, anasema hadi leo hakumbuki kuitoa.

Kanisani Mwalimu hakulipwa hata shilingi, lakini ndiye aliyefungua mlango, akafagia, akafundisha Sunday school, na kwa zaidi ya miaka thelathini akawa mtunza saa wa kamati ya mazishi, na hapo ndipo wengi wenu mlipoumia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye maiki lazima aambiwe tosha. Padri alipigiwa kengele akiwa bado anawavusha wana wa Israeli, nao wakabaki majini mpaka Jumapili iliyofuata. Mheshimiwa alipigiwa akiwa ndiyo kwanza anasema "kwa hayo machache," na alipogeuka na kuuliza, "Japuonj, mwalimu wangu, unanijua mimi ni nani?" Mwalimu akamjibu kwa heshima zote, "Nakujua, Mheshimiwa, nilikufundisha kujumlisha, na kengele haina chama, kaa chini omera, ndugu yangu."

Tarehe 10 Desemba 1988 Mwalimu alifunga ndoa na Agneta Naswa, binti wa dereva wa kiwanda cha sukari, katika kanisa la Muhoroni. Kwenye sherehe Laban, wakati huo kijana wa miaka kumi na tisa mwenye tai ya kuazima, alisimama kusimulia jinsi bwana harusi alivyokuja kuposa, kwamba alikosa gari, akadandia trekta la miwa, akaketi juu ya mzigo kama askofu, suti nyeupe, jogoo hai kwapani, na mambo yalikwenda vizuri mpaka trekta lilipofika kwenye daraja, na hapo hapo bwana harusi mwenyewe akagonga chupa ya soda kwa kijiko na kusema, "Asante shemeji, muda."

Laban alijaribu tena kwenye ubatizo wa Lornah mwaka wa 1990, wa Frankline mwaka wa 1993 na wa Akinyi mwaka wa 1997, ambao ndio watoto watatu ambao Mungu aliwajalia, akajaribu siku ya kustaafu, akajaribu hata kwenye mazishi ya watu wasiohusika na miwa, na kila mara kengele ililia trekta likiwa darajani. Kuna watu hapa wameota mvi wakingoja trekta lile livuke.

Wengi walisema Mwalimu ana moyo mgumu kama kengele yake, na Laban aliongoza kusema hivyo, mpaka wiki hii Agneta alipomweleza jambo ambalo mumewe alimwambia yeye peke yake. Siku ya kumzika Mzee Ouma, wakubwa walishika zamu, mmoja akasema, mwingine akasema juu ya aliyosema mwenzake, hadi mawingu yakashuka na kaburi likaanza kuingia maji, wakamshusha mzee mbio mbio. Mama Debra alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Aliposimama, mtu akamshika mkono akamwambia, "Pole Mama, wewe utasemea nyumbani." Mtoto wa darasa la saba alikuwa amesimama kando yake, akasikia.

Ndiyo maana Mama Sylvia wa Nyalenda alipomzika mwanawe hapa Oseno, akashika maiki, akanyamaza, akaimba, akanyamaza tena, akaanza kumweleza marehemu habari za kuku wake mmoja baada ya mwingine, kengele haikulia, na sisi tukanong'onezana kwamba imeharibika. Haikuharibika. Mwalimu alikuwa ameushika ulimi wa kengele kwa vidole viwili, na hakuuachilia mpaka mama yule alipoketi mwenyewe.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Agosti 2023, akatibiwa Kisumu, na huko aliwaambia madaktari waeleze kwa ufupi. Alasiri ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, alimuuliza Agneta, "Laban ndiye atasoma?" Agneta akasema ndiye. Mwalimu akafikiri, akasema, "Mpe dakika saba. Akizidisha, nitaamka." Kisha askari wa hospitali akapita akipiga kengele ya kuwatoa wageni, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kupuuza kengele ya mtu yeyote, akafumba macho akaondoka na wageni wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kuwekewa saa, majirani waliochota maji na kupasua kuni, walimu wenzake, kwaya, na kamati ya mazishi, ambayo leo imefanya kazi bila mkuu wake na, kama mnavyoona, imechelewa.

Kengele ile hapo juu ya jeneza, asubuhi Lornah aliufunga ulimi wake kwa leso. Hakuna wa kumkatiza Laban leo, na maiki iko mkononi mwake. Basi suti nyeupe, jogoo kwapani, trekta likafika kwenye daraja, na pale darajani alikuwa amesimama msichana mwenye ndoo ya maji kichwani, na msichana huyo ni Agneta.

Yaliyofuata mwulizeni yeye, aliyekuwepo, kwa sababu kwenye orodha ndiye anayefuata, na leso ile ilifungwa kwa ajili yake. Pumzika kwa amani, Mwalimu. Imebaki dakika moja, Laban ameirudisha, usiamke.