Mama Agnès Mutale, Fundi Aliyetufundisha Kuipa Spika Mgongo

Mama Agnès Mutale aliingia Atelier Kasonde, karakana yetu ya amplifaya na spika hapa Katuba, mwaka 1991. Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ileile ya dirishani, yenye harufu ya gundi na risasi ya kulehemu. Ameomba wasifu wake uwe mfupi. Tutajaribu.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyehamishwa kutoka kaskazini. Redio ya nyumbani ilipokufa, Agnès ndiye aliyeifungua, na ndiye aliyepigwa kwa kuifungua, kisha akasifiwa ilipoimba tena. Hapa atelier alianza kwa kupanga skurubu. Haikupita miaka mingi, wapiga gitaa wa makanisa, wa baa na wa ndoa wakawa hawaulizi tena nani yupo. Wanauliza kama Mama yupo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuitafutia amplifaya ya gitaa spika mpya inayoifaa pale ile ya kwanza inapopasuka. Wengi wetu mjini hapa tunakosea jambo moja: tunakwenda sokoni kutafuta sumaku kubwa na wati nyingi. Clovis, mpiga gitaa wa ndoa, alileta siku moja spika yenye sumaku kama sufuria ya bukari, ugali wetu. Alikuwa ameifunga kando ya spika yake ya zamani bila kuangalia omu, kipimo cha ukinzani wa spika, na amplifaya ikapata moto hadi wageni wakasikia harufu kabla ya wimbo wa pili.

"We Clovis, wati njo tumbo, haiko sauti!" Mama alimwambia kwa Kiswahili cha hapa, ambacho "ndiyo" yake ni "njo". "Inasema tu spika inaweza kula ngapi mbele ya kupasuka."

"Lakini Mama, iko nzito sana!"

"Basi peleka ku mizani, usipeleke ku ndoa."

Alitufundisha utaratibu wake hadi tukauota. Kwanza omu, zilingane na zile amplifaya inazoomba. Kisha wati, zisipungue nguvu ya amplifaya. Kisha upana, ili spika ikae vizuri kwenye sanduku lake. Mwisho, sikio.

Na kwa sikio alikuwa na desturi yake, ambayo wageni huicheka wanapoiona mara ya kwanza. Wote tunageuza viti kutazama ukuta. Élie, fundi wetu wa waya, anapiga gitaa, na Mama anabadilisha spika nyuma yetu. Macho, anasema, yanapenda kitu kipya. Clovis naye aligeuzwa, akasikiliza, akaruka: "Njo hii! Njo ile yangu ya bei kali!" Alipogeuka alikuta ni spika kuukuu iliyobandikwa karatasi mpya ya mbele, ile inayotetema. Aliinunua, na bado anaipigia.

Wakati wa Pasaka, Papa Djo Kasonde, mkubwa wetu, alitangaza kwamba Mama akiondoka meza ya spika itafungwa. Tungeuza tu spika mpya za kwenye makatoni. "Nani atasikia kama yeye?" aliuliza. Deborah Chanda, aliyefanya kazi kando ya Mama kwa muda mrefu, aliomba ajaribiwe kwanza. Mama alikubali, na akachagua jaribio gumu.

Ilikuwa amplifaya ya kwaya moja ya Naviundu. Ina spika mbili za zamani zinazofanana, na moja ilikuwa imepasuka. Pacha wake hapatikani tena dukani. Deborah alipekua rafu yetu ya spika kuukuu, akapima omu, akajaribu moja baada ya nyingine, akabadilisha karatasi. Wiki iliyopita alisema yuko tayari.

Kwa mara ya kwanza, Mama Agnès alimkabidhi Deborah waya wa kubadilishia spika, akaketi na kutazama ukuta pamoja nasi. Élie alipiga wimbo mmoja kwenye spika ya zamani na ile ya Deborah, kwa mpangilio aliouchagua Deborah. Mama aliomba urudiwe. Ukarudiwa.

"Mama, ya zamani njo gani?" Papa Djo aliuliza.

"Ya pili. Ile naijua tangu zamani."

Deborah alijibu polepole. "Hapana, Mama. Ya pili njo yangu."

Mama alipiga paja, akacheka hadi miwani ikaanguka. "Nimekosea! Papa Djo, unasikia? Nimekosea!"

Papa Djo aliiokota miwani, akampa. "Basi," alisema, "meza inabaki."

Asante, Mama Agnès, kwa masikio yako, kwa ukali wako wa kuchekesha, na kwa kosa hilo moja zuri. Uende na afya, upumzike, ufurahie wajukuu. Kiti chako hatukigeuzi, kinatazama ukuta bado. Ukipita Katuba, ingia, ukae, utuambie ya zamani ni ipi.

Chancelvie Mapalo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa atelier