Miaka Ishirini na Minane Kushoto kwa Mhubiri

Jumapili tarehe 29 Juni, ibada ya pili ikimalizika, mkalimani wetu atazima kipaza sauti chake na kustaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Siku za juma alikuwa katibu wa ofisi ya kanisa. Jumapili alisimama kushoto kwa mhubiri, akayageuza mahubiri ya Kiingereza kuwa Kiswahili cha kueleweka hadi benchi la mwisho. Watoto ndio waliompa jina la Mama Kipaza, wakubwa tukalidaka.

Alianza kwa kusukumwa. Mkalimani wa zamani aliugua ghafla, mchungaji akaangaza macho huku na huku, yakatua kwa katibu aliyekuwa akigawa vitabu vya nyimbo. Siku hiyo hakuacha neno lipite; hata mhubiri aliponong'ona kwamba koo limemkauka na anaomba maji, akalitafsiri na hilo, kwa sauti kuu, mikono juu. Kanisa zima likaitikia amina. Kina mama watano wakainuka kwenda kuleta maji. Mumewe, fundi redio, mpaka leo akishikwa na kiu nyumbani huitangaza kwa mtindo uleule.

Ulimi mwepesi alijaliwa na Mungu, lakini hakuutegemea. Kila Jumamosi, akishafunga ofisi, aliingia kanisani peke yake na kukaa kwenye mabenchi, moja baada ya jingine, akiwakumbuka wanaokaa pale: huyu kafiwa, yule mtoto wake kalazwa, yule sikio la kulia halisikii vizuri. Sisi wanafunzi wake wa ukalimani alitukataza kushika kipaza sauti kabla ya kuyazunguka mabenchi. Mmoja wetu alinung'unika kwamba anahitaji msamiati, si matembezi. Mama Kipaza akacheka, akamwambia msamiati atauona kwenye kamusi, ila mjane wa benchi la tano humo hayumo.

Mjane huyo ni fundi cherehani, na ameturuhusu kuandika haya. Miaka tisa iliyopita alikuja mhubiri mgeni mwenye karama kweli. Watu walilia, watu walitubu. Katikati ya mahubiri akamnyooshea mjane kidole, akaanza kumwaga kwa Kiingereza mambo ya ndoa yake na marehemu, aliyodai amefunuliwa. Mama Kipaza akanyamaza. Fundi mitambo alidhani waya umekatika, akatambaa chini ya meza akivuta kila kilichovutika, hata kinanda kikazimika. Kumbe waya ulikuwa mzima. Mama Kipaza alishuka ngazi, akaenda kukaa kando ya mjane na kumshika mkono. Mahubiri yakaishia hapo.

Wazee wa kanisa walimwita kesho yake. Mkalimani, walimkumbusha, huufikisha mzigo kama alivyokabidhiwa; akianza kuchagua, nani atamwamini tena? Hoja hiyo si ya kipuuzi, na sisi tunaopokea kazi yake tunaibeba bado. Alijibu kwamba hakugeuza hata neno moja. Alikataa tu kulibeba, maana hakuona upendo ndani yake, na karama bila upendo kwake ilikuwa kelele.

Walimsimamisha miezi mitatu. Alikwenda kuhudumu kwenye chumba cha watoto wachanga, akabadilisha nepi huku akiimba. Mjane, aliyekwisha kuamua kulihama kanisa, alipita Jumapili iliyofuata ili amuage tu. Akapewa mtoto ashike. Jumapili baada ya hiyo akarudi kumwangalia yule mtoto, na hajaondoka tena. Siku Mama Kipaza aliporudishwa, mzee aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyemkabidhi kipaza sauti. Alikiri mbele ya kanisa kwamba nusu ya wazee walikielewa Kiingereza kile, na hakuna aliyeinuka.

Mama, kwa miaka yote hii kila hubiri umelipata mara mbili. Sasa utalisikia mara moja tu, tena ukisinzia hakuna atakayejua. Mjane hajawahi kukuuliza yule mgeni alisema nini, nawe hujawahi kumwambia. Tunakushukuru kwa kila neno ulilotufikishia, na kwa yale machache uliyokataa kuyafikisha. Pumzika kwa furaha, Mama. Siku zako ziwe nyingi na njema.