Lundo Linalofuka Moshi

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi hiyo alikaa hapo Spoku, fundi baiskeli, na kucheka hakuwa na mpango nako. Alikuwa ametoka shambani. Maharage yake yamekuwa ya njano, yamejikunyata. Ya shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, ng'ambo ya mfereji tu, yamefunga shamba zima. Mbegu walinunua duka moja, mvua ni ile ile. Spoku alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa, roho inamuuma.

— Jamani, kwake huoni hata udongo!

— Upande wake ndio mzuri, alisema Kinyozi, akiendelea na kichwa cha mteja. Mzee wenu aligawa kwa upendeleo.

— Alipima kwa kamba, mbele yangu.

— Basi kamba ilivutika.

Bwana Redio, ambaye ana habari hata siku isiyo na habari, aliweka kikombe chini.

— Mnazunguka tu. Nimepita pale alfajiri. Pembeni ana lundo, kalifunika majani. Linafuka moshi!

— Si anachoma taka?

— Moto hakuna! Nimetia mkono. Ndani kunachemka, haki ya Mungu!

Wembe wa Kinyozi ulibaki hewani, mteja nusu kichwa.

— Mama yangu! Kuna kitu kinapumua humo!

— Au ni volkano changa.

— Volkano ya kukuza maharage?

— Inavuta rutuba ya jirani! Spoku, ndugu yangu, unanyonywa mchana kweupe!

Spoku akasimama. Sasa akatoa lililomleta:

— Leo leo naenda kwa mwenyekiti. Tubadilishane mashamba. Yeye yuko peke yake, mimi nina watoto. Nyie ni mashahidi wangu.

— Tupo!

Ubaya wa benchi lile, linatazama barabara, nyuma halioni. Na nyuma ndiko alikosimama shemeji mtu, na ndoo mkononi.

— Hamjambo? Nimefuata machicha yangu ya kahawa.

Muuza kahawa, aliyekuwa kando ya benchi, akammwagia machicha ya birika, kama kawaida yao.

— Shemeji, Spoku aliuliza, hayo unayapeleka wapi?

— Kwenye lundo. Pamoja na mabua yako, maganda ya maharage yako, na samadi ya mbuzi. Vinaoza pamoja, vinapata joto mpaka vinafuka. Vikipoa, navimwaga shambani. Si wewe uliyeniambia nizoe yote, nikuondolee uchafu?

Spoku akakumbuka. Ni yeye kweli. Tena hata pancha ya toroli alimzibia bure, huku akimcheka, ili mzigo utoke haraka. Misimu mitatu amekuwa akilisukuma shamba lake mwenyewe kuvuka mfereji!

— Na la kubadilishana nimelisikia, alisema yule mama, bila hasira. Sina neno, chukua upande wangu. Ila nikuulize kitu kimoja tu, shemeji. Tukishabadilishana, mabua yako utaendelea kunipa?

Kinyozi ghafla akamkumbuka mteja. Mama akajitwika ndoo, akaondoka zake.

Bwana Redio akanyoosha kikombe, taratibu.

— Niongeze kidogo.

— Imekwisha, alisema muuza kahawa. Hata machicha yameondoka.