Dobi Mkuu Aliyevimba Mara Mbili na Kuikataa ya Tatu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kufunga kazi, Dobi Mkuu wa hospitali yetu atatundika aproni yake kwenye msumari kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya kutumikia mashuka, foronya na makoti ya madaktari. Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima. Sisi wa idara ya udobi tunamwita Bi Misuli, na anayeuliza sababu hajawahi kumwona akikunja mikono ya blauzi.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye fundi cherehani wa idara, chumba cha viraka, na nimepakana naye ukuta kwa ukuta muda wote huo. Wamenisihi niandike kwa staha. Nitajitahidi, lakini nisiahidi nisichokiweza.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba, kazi yake kukunja mashuka kwenye meza ndefu iliyo chini ya dirisha. Baadaye akahamia kwenye mashine za kufulia, kisha kwenye rola kubwa ya kunyoosha, na hatimaye akakabidhiwa funguo za idara nzima. Chini ya uongozi wake hakuna wodi iliyolala bila mashuka safi. Mwaka ule boila lilipopasuka, alitupanga kwenye mabeseni tukafua kwa mikono hadi fundi alipopatikana, na kukamua alijiachia yeye mwenyewe. Blanketi likishakamuliwa na Bi Misuli halihitaji jua, linahitaji kupewa pole.

Huko kwenye kukamua ndiko alikogunduliwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishuka siku moja kufuata taulo zake, akamkuta Bi Misuli amebeba begani gunia la mashuka yaliyolowa, gunia ambalo wanaume wawili walikuwa bado wanalizunguka na kushauriana. Akamuuliza anafanya mazoezi jimu ipi. Bi Misuli akamjibu kwamba jimu yake ndiyo hii, na tena analipwa kuingia. Lakini neno lilimkaa. Jioni ile ile akapita kwenye jimu ya mtaani kwao, ile iliyo chini ya duka la magodoro, na tangu siku hiyo idara haikupumua.

Kwa wasioujua mchezo wa kutunisha misuli, mambo yenyewe ni haya. Mshindani hujenga mwili kwa miezi, halafu wiki za mwisho hujinyima mpaka mafuta yaishe chini ya ngozi na kila msuli uonekane umejitenga na mwenzake. Kuku wa kuchemsha, mboga za kuchemsha, chumvi marufuku, na siku za mwisho hata maji yanapimwa kwa kikombe. Katika majuma hayo Bi Misuli alikuwa hasemezeki. Ukimwamkia, anakuuliza unataka nini. Ukifungua pakiti ya karanga chumba cha tatu kutoka alipo, anasikia, na anajua ni za chumvi.

Halafu kuna rangi. Taa za jukwaani zinafifisha misuli, kwa hiyo washindani wote, wawe weupe au weusi, hujipaka rangi ya kahawia iliyokoza. Kuelekea mashindano yake ya kwanza, Bi Misuli aliijaribu rangi hiyo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, njaa ikamlegeza, akajinyoosha kidogo juu ya toroli la mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji. Alipoamka alivaa akaondoka zake, na toroli likapandishwa juu bila mtu kukagua. Metroni akalikunjua shuka la kwanza mbele ya daktari bingwa. Jamani! Mtu mzima yupo pale: mabega, mgongo, mikono iliyokunjwa ngumi. Inasemekana daktari alilitazama kwa makini, kisha akasema mgonjwa huyu hana tatizo lolote. Tulilichemsha shuka lile, tukalitia dawa, tukalisugua kwa brashi, na misuli haikutoka.

Mashindano hayo alipata nafasi ya tatu, na kesho yake mwili ukadai haki yake. Maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauambiwi kwamba mashindano yamekwisha. Unadhani dunia nzima imeishiwa chakula, na kila unachopewa unakiweka akiba, maji na chumvi vikiwemo. Bi Misuli alikula mkate, akala chipsi, akala aiskrimu, akarudia mkate. Haikuchukua muda akawa mnene kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza kujinyima. Kifungo cha sare yake kilifyatuka akiwa kwenye kikao cha idara kikampata katibu wa utawala shavuni. Tulicheka, naye akacheka hadi machozi. Mimi nikaachia mishono ya sare, maisha yakaendelea.

Mara ya pili alirudi na kikombe cha ushindi, na safari hiyo hatukucheka. Kantini alikuwa anakunywa chai kavu tu, lakini kila siku anavimba. Wakati huo huo malalamiko yakaanza kushuka kutoka wodini. Mgonjwa mmoja alikuta nusu ya biskuti ndani ya foronya safi. Mwingine akakuta makombo ya keki, na akasifu huduma. Utawala ukaleta mitego ya panya ikatapakaa kila kona. Panya hawakupatikana, na maskini wa Mungu hawakuwa na kosa lolote. Siku moja tulifungua stoo ya mashuka kutafuta blanketi za watoto, tukamkuta Bi Misuli ameketi sakafuni nyuma ya rafu, pakiti mapajani, anatafuna na kulia kwa pamoja.

Miguu yake ilikuwa imejaa maji hata kandambili hazimwingii. Daktari akambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Shinikizo la damu nalo lilikuwa juu. Akaambiwa waziwazi kwamba moyo wake hautavumilia kuchezewa hivi kila mara.

Mume wake ni fundi saa, mtu mpole asiyemkemea hata inzi. Siku hiyo alikuja idarani na koti lake la kazini, akasema mbele yetu sote kwamba yeye hana shida na vikombe, anamtaka mke wake. Wakapatana hivi: Bi Misuli atapanda jukwaani mara moja tu tena, mwaka wa kustaafu, kuaga. Akivimba tena, vyuma vyake vya mazoezi vya nyumbani vinauzwa, na jimu haikanyagwi hata kwa kusalimia. Bi Misuli akaapa. Baadaye aliniambia, huku akijifanya anakagua cherehani yangu, kwamba anaogopa. Mtu akiacha kazi na vyuma mwaka mmoja, asubuhi ataamkia nini?

Mwaka huo ndio huu. Na hapa ndipo idara yetu ilipofanya kosa ambalo hakuna idara nyingine ingeweza hata kuliota. Tulikaa kikao tukaamua kwamba, ili Bi Misuli asishawishike, hakuna atakayekula tofauti na yeye mpaka mashindano yaishe. Wapiga pasi, wakunjaji, msukuma toroli, mimi, sote kuku wa kuchemsha bila chumvi. Yeye mwenyewe alitukataza, akasema tutajuta. Tukamwona hana shukrani. Mwezi wa kwanza haujaisha, wapiga pasi wawili walioanza kazi siku moja wakanuniana kwa sababu ya yai la kuchemsha. Msukuma toroli alikuwa akipita jikoni kwa wagonjwa na kusimama mlangoni, anavuta pumzi tu, anaendelea na safari.

Siku ya mashindano tulijaa ukumbini safu ya pili, wembamba na wakali. Bi Misuli alipogeuka na kuutandaza mgongo ule wa miaka hamsini na tisa, kelele tulizopiga nusura tutolewe nje. Waamuzi wakampa nafasi ya nne. Tumewasamehe, taa zilikuwa mbaya. Yeye alishuka jukwaani anatabasamu, na sisi tukaanza kuogopa, maana tulijua kazi yenyewe inaanzia hapo.

Jumatatu, katibu wa utawala, kwa nia njema na bila kumuuliza mtu, akatuletea idarani keki ya ghorofa mbili, juu yake mkono wa krimu umetunisha msuli. Bi Misuli akavuta kiti kwenye meza ya kukunjia, akaketi katikati yetu, akakata kipande cha wastani, akakila taratibu mpaka mwisho. Akafuta mdomo, akasema imetosha, akarudi kwenye rola. Katibu alikuwa bado anatoa hotuba, na alipoinua macho kwenye karatasi yake, ile keki haikuwepo. Sitataja majina. Nitasema tu kwamba hata kile kikaratasi cha chini kililambwa.

Baada ya hapo, ndugu zangu, sisi ndio tuliovimba. Idara nzima! Kantini ilibidi waongeze sufuria. Tangu siku hiyo sijashona kiraka hata kimoja, naachia mishono ya sare za watu kutwa, ya kwangu ikiwa ya kwanza. Msukuma toroli anasukuma akiwa ameacha zipu wazi kwa ruhusa maalumu. Bi Misuli aliendelea kuongeza chakula chake kidogo kidogo kila wiki, kama mwalimu wake wa jimu alivyompangia, na sare yake haikuniletea kazi hata siku moja.

Wiki iliyopita fundi saa akaja kuhakiki. Alipiga goti mbele ya mke wake, akambonyeza juu ya kifundo, sote tumekodoa macho. Ngozi ikarudi juu palepale. Akabonyeza mguu wa pili, ikarudi. Kisha, sijui shetani gani alimtuma, akageuka akanibonyeza mimi. Shimo lile mnaweza kuja kulitazama, ninalo bado. Idara ililipuka kwa kicheko, na katikati ya kicheko hicho yule bwana akamkumbatia mkewe akasema vyuma vibaki nyumbani, na kama anataka vingine atamnunulia.

Mpiga pasi mmoja akauliza amewezaje safari hii. Bi Misuli akasema mara zile mbili njaa haikuwa tatizo kubwa, tatizo lilikuwa aibu. Alidhani waliompigia makofi wakimwona anatafuna watamdharau, kwa hiyo akawa anajificha, na ukila umejificha hakuna wa kukuambia dada, basi, imetosha. Safari hii alitazama huku na huku akaona idara nzima imejikondesha kwa ajili yake kama wendawazimu, akaona hana tena sababu ya kujificha. Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nililia, na silifichi.

Kuanzia mwezi ujao atafundisha wanawake kwenye jimu ile ya chini ya duka la magodoro, na tayari ametuandikisha sote bila kutuuliza.

Bi Misuli, asante kwa mashuka safi, kwa funguo ulizozishika vizuri, kwa mabega uliyotubebea. Tunakuombea afya njema na asubuhi nyingi za kuamkia. Na siku njaa ikikubana, dada yetu, usile peke yako. Njoo, tutasogea kwenye benchi ukae.