Vigae vya Mama Ndani ya Udongo Mweupe

Mama zangu na dada zangu wa kikundi, nawasalimu. Leo sina wimbo. Nina jambo nililolificha miaka saba, mnivumilie.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini mama mmoja mgeni alifungua karakana hapa Karatu. Alitufundisha wawili, mimi na mwenzangu wa kijiji cha Buger, kufinyanga vyombo vya kauri kwa mkono: vikombe, sahani na birika za lodge za watalii huko kreta. Udongo wake ulikuja kwenye magunia, mweupe kama sembe. Akatuonya tusiuchanganye na kitu chochote.

Mimi mjuaji. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na kwetu udongo wa chungu hutiwa vigae vya chungu cha zamani vilivyosagwa, ili kisipasuke motoni. Nikajiuliza, huyu mgeni anajua nini? Nikasaga vigae vya mama, nikavitia kimyakimya kwenye udongo ule mweupe, na zamu ya kukanda siku hiyo ilikuwa ya mwenzangu.

Ndugu zangu, kauri inataka moto mkali kuliko huu wetu wa kuni na samadi. Vigae havikuuweza. Vikombe vilitoka na vidoa vichache tu, tukavipeleka. Huko lodge kikombe kikapasuka, chai ya moto ikamuunguza mtalii mkono.

Yule mama, bosi wetu, akauliza nani alikanda. Mwenzangu akajibu ni yeye, lakini hakutia kitu. Kisha akanitazama. Mimi nikainama, nikaendelea kufuta meza. Akafukuzwa siku ileile.

Na ninyi, nawaambia bila kuwaficha, mlisema ana mkono mbaya. Alipoanza kuuza vyungu vyake mwenyewe, siku za mnada mlivipita. Na mimi nilikuwa wa kwanza kuvipita.

Nikabaki nasifiwa peke yangu, na sifa zile zilinichoma. Nikaanza pombe. Nilikuja kazini nanuka, mpaka na mimi nikafukuzwa. Baadaye karakana ikafungwa, bosi akarudi kwao. Aliyenitoa kilabuni ni wifi yangu. Alinipa kitanda, akanipa jembe, hakunihubiria. Namshukuru sana.

Nilipopata akili nikaenda Buger kuungama. Nilimkuta mwenzangu anapalilia mbaazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilikuona unasaga."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikungoja wewe. Sasa usilie hapa kwangu. Kawaambie waliovipita vyungu vyangu."

Ndiyo maana nimesimama. Hajaniambia kwamba amenisamehe, na sitamdai. Namshukuru kwa kunituma. Nilichojifunza ni kidogo: kosa lisemeni siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalibeba na kuzeeka nalo.

Mwenzangu amekuja leo. Ni yule aliyesimama pale mlangoni tangu tuanze, na hakuna aliyemkaribisha. Msimpigie makofi. Sogeeni kwenye benchi, akae.