Meme Ndahafa Asitolewe Redioni: Risala ya Wapakuaji wa Gati la Tatu

Mgeni rasmi, Bwana Alan Prowse, mkaguzi kutoka makao makuu Uingereza: tunajua gari limeshaondoka. Tumemwomba dereva Filemon aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi getini, nasi tunasoma huku tukitembea ubavuni. Tafadhali usipandishe kioo.

KARIBU NA KWAHERI

Siku ya kwanza hatukukukaribisha, kwa kuwa hatukuelewa ulichosema. Leo tunaziunganisha zote mbili.

TULIKOTOKA

Sisi hapa bandari ya Walvis Bay, Namibia, ni Waovambo, Waangola na Wafilipino wawili. Kiingereza si lugha ya mama ya yeyote kati yetu. Kila mmoja alikiokota njiani. Ndiyo maana tuna desturi: anayepewa amri redioni huirudisha kwa maneno yake mwenyewe kabla kreni haijasogea. Miaka tisa sasa, hajavunjika mtu hata kidole.

MAFANIKIO

Jumanne uliposhika redio tukipakua jenereta, kreni ilisimama. Ukasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kreni ikazidi kusimama. Meme Ndahafa, yaani Mama Ndahafa, msemaji wetu wa redio, akakurudishia amri yako.

"Unanidhihaki?" ukauliza.

"Hapana, tate, mzee wangu. Bado sijajua kama nimeelewa."

Kisha akamwambia Domingos, wa kreni: "Shusha taratibu, upande wa baharini."

"Sasa mbona yeye hakusema hivyo?"

"Kasema mara mbili, kaka. Ila anaongea kama mtu anayewahi kuanua nguo, mvua imeshaanza."

Jenereta ikatua kama yai. Tulicheka hadi Wafilipino wakakaa chini. Nawe ulicheka, tulikuona.

CHANGAMOTO

Alhamisi ukatuletea mtihani wa kusikiliza Mwingereza kwenye kanda. Ndahafa kapata thelathini na nane kwa mia, na taarifa iliyo mkobani mwako inasema atolewe redioni. Mgeni rasmi, mama huyu alikutafsiria Kiingereza kwa Kiingereza. Mtihani haukuuliza hilo.

OMBI

Ni moja tu, maana geti tunaliona. Mwache Ndahafa redioni. Na yule wa kwenye kanda naye apimwe, Domingos akiwa msahihishaji.

Filemon, punguza kidogo, baba.

Mungu akufikishe salama, na kila utakayeongea naye njiani akurudishie maneno yako yakiwa mazima.

Ni sisi, Wapakuaji wa Gati la Tatu. Msomaji: Sakaria Shikwambi.

Nyongeza kwenye nakala yetu, miezi minne baadaye: Ndahafa yuko redioni. Domingos amerudi kwao Lobito, Angola, kuoa. Filemon alipewa onyo kwa kumchelewesha mgeni. Mtihani sasa una sehemu mbili, kusikia na kueleweka. Bwana Prowse alikuwa wa kwanza kuufanya. Sehemu ya pili alianguka, na ameomba kuirudia.